Ugonjwa wa Mgongo Unaopanda na Kushuka

(Mazungumzo ya afya mbele ya wahitimu wa kisomo. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.)



Leo sikuja kuzungumza juu ya malaria wala kuhara. Hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi, na mengi mnayajua. Leo nataka tuzungumze juu ya mgongo.

Naona wengine wanacheka. Wanasema moyoni, "Mgongo! Nani hapa kijijini haumwi mgongo?" Kweli kabisa. Sisi ni watu wa jembe. Ukilima kutwa, jioni mgongo unauma. Ukibeba gunia, mgongo unauma. Lakini maumivu hayo dawa yake tunaijua. Ukipumzika siku mbili tatu, yanapoa.

Mgongo ninaotaka kuusema mimi ni wa namna nyingine. Huo ukiupumzisha, ndipo unazidi kuuma. Ukiufanyisha kazi, unalegea. Tena leo unauma sana, mwezi ujao umepoa, mwezi wa tatu umerudi. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Basi naomba tusikilizane.

MFANO WA KIJANA FUNDI

Hebu tumfikirie kijana mmoja. Ni mfano tu, kwa hiyo sitampa jina. Ana umri wa miaka 22. Ni fundi seremala.

Kila usiku, kama saa nane hivi, anaamshwa na maumivu chini ya kiuno. Hawezi kulala tena. Anatoka nje, anazunguka uani mpaka yapungue. Alfajiri akiamka, mgongo umekakamaa kama ubao. Kuinama kufunga viatu ni kazi. Lakini ikifika saa nne asubuhi, mwili umelegea. Anapiga randa kama kawaida. Majirani wanasema, "Huyu ni mvivu tu. Asubuhi mgonjwa, mchana mzima!"

Hali hiyo inakaa majuma matatu. Kisha inapoa yenyewe. Kijana anafurahi, anasema, "Nimepona." Dawa aliyopewa zahanati anaitupa juu ya kabati. Mazoezi aliyofundishwa anayaacha.

Baada ya miezi miwili, mgongo unarudi. Sasa nyumbani wanaanza kusema, "Huyu ametupiwa kitu." Wanauza mbuzi, wanakwenda kwa mganga wa kienyeji. Ugonjwa unapoa tena, maana ndio mwendo wake kupoa. Lakini sifa anapata mganga. Ukirudi, anauzwa mbuzi wa pili.

Miaka 10 inapita hivyo hivyo. Mbuzi wamekwisha. Na yule kijana sasa akitaka kuona embe juu ya mti, shingo haipandi. Akiitwa kutoka nyuma, hawezi kugeuza kichwa. Inambidi ageuke mwili mzima kama mlango.

Ndugu zangu, kijana huyu alikosea wapi? Alikosea kwa kuupima ugonjwa kwa siku moja moja. Siku mbaya alisema, "Nakufa." Siku nzuri alisema, "Nimepona." Zote mbili hazikuwa kweli.

NI UGONJWA GANI HUU?

Wataalamu wanauita ankilosingi spondilaitisi. Jina ni gumu, lakini maana yake ni rahisi. Ni ugonjwa wa kukakamaa uti wa mgongo.

Jipapase mgongoni. Utasikia vifundo vimepangana kutoka shingoni mpaka kiunoni. Hivyo ni pingili za uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, na kuna kano zinazozishika. Ndiyo maana tunaweza kuinama, kujipinda na kugeuka.

Katika ugonjwa huu, askari wa mwili waliowekwa kupigana na vijidudu wanageuka kupigana na mwili wenyewe. Vita hivyo huanza mara nyingi pale chini kabisa, mahali uti wa mgongo unapoungana na nyonga, juu ya matako. Panawaka joto na kuuma. Baadaye vita hupanda juu kwenye pingili. Mahali palipowaka kwa muda mrefu, mwili unaota mfupa mpya. Mfupa huo ukikua, unajenga kama daraja kati ya pingili mbili. Pingili zikishikana, haziachani tena.

Si ugonjwa mpya. Katika miaka ya 1690, daktari mmoja, Bernard Connor, alieleza mifupa ya mtu ambayo uti wake wa mgongo ulikuwa umeshikana kuwa kitu kimoja.

Huanza ujanani. Wengi huanza kuumwa kabla ya miaka 45, na hasa kati ya miaka 15 na 30. Wanaume huonekana zaidi, lakini akina mama nao hupata. Hauambukizi. Unaweza kula na mgonjwa sahani moja na kulala naye kitanda kimoja.

Mwaka 1973, wataalamu wa London na wa Los Angeles waligundua jambo kubwa. Waliona kwamba watu wengi wenye ugonjwa huu wamerithi alama fulani mwilini, iitwayo HLA-B27. Katika Ulaya, kama wagonjwa 9 katika kila 10 wanayo. Kwa Waafrika weusi alama hiyo ni nadra, na ugonjwa wenyewe ni nadra zaidi kuliko huko. Lakini kitu kuwa nadra si kusema kwamba hakipo. Tena Waafrika wengi wanaopata ugonjwa huu hawana alama hiyo. Kwa hiyo mtu akipimwa akaambiwa hana alama, asidhani amekwisha kutoka hatarini.

MWENDO WA AINA TATU

Sasa tufike kwenye shina la maneno yangu. Ugonjwa huu una mwendo wa aina tatu. Upo mwendo wa siku, mwendo wa majuma, na mwendo wa miaka.

Kwanza, mwendo wa siku. Usiku wa manane na alfajiri unauma na kukakamaa. Mchana unalegea. Ukikaa muda mrefu bila kujinyosha, kama kwenye basi au kwenye mkutano, unakaza tena.

Pili, mwendo wa majuma. Kuna vipindi vya kupanda na vipindi vya kupoa. Wataalamu wa mji wa Bath, Uingereza, waliwauliza wagonjwa wenyewe waeleze vipindi hivyo. Wagonjwa wakataja kupanda kwa namna mbili. Kupanda kudogo hushika mahali pamoja, labda kiuno au shingo tu. Kupanda kukubwa hushika mwili mzima. Mtu anachoka, anajisikia kama mwenye homa, hata kuzungumza na watu hataki. Vipindi hivi vinaweza kuchukua siku kadhaa au majuma kadhaa. Mara nyingi hakuna anayejua kwa hakika vimeletwa na nini.

Tatu, mwendo wa miaka. Huu ndio wa kificho. Ni ule mfupa unaoota polepole. Mtu hausikii unapoota. Haupandi na kushuka kama maumivu. Wenyewe ukiongezeka, umeongezeka.

Tuchukue mfano wa mto. Wakati wa masika mto unafurika. Baada ya siku chache maji yanashuka, na watu wanavuka kama zamani. Lakini tazama kando ya mto. Kila furiko limeacha mchanga. Maji yamekwenda, mchanga umebaki. Mafuriko ya miaka mingi yanaweza kufukia hata kisima. Maumivu ni kama maji, yanakuja na kwenda. Mfupa ni kama mchanga.

Je, tumejuaje hayo? Mwaka 1996, madaktari katika Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa walianza kufuata kundi la wagonjwa. Waliwafuata kwa miaka 12. Waliwauliza hali yao mara kwa mara, na kila baada ya miaka 2 waliwapiga picha za eksirei. Waliona mambo matatu.

La kwanza, wagonjwa hawafanani. Wengine mifupa yao haikuongezeka kwa miaka yote hiyo. Wengine iliongezeka haraka.

La pili, ukiwatazama wote pamoja, mifupa iliongezeka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha mabaya.

La tatu, na ndilo kubwa, mgonjwa ambaye ugonjwa wake uliwaka zaidi katika kipindi kimoja, ndiye aliyeonekana na mfupa zaidi katika kipindi kilichofuata. Na kwa wavutaji wa sigara, madhara hayo yalizidi.

Maana yake ni nini kwetu? Maana yake ni kwamba kuupoza ugonjwa si kutafuta usingizi wa leo tu. Ni kuilinda shingo ya miaka 20 ijayo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wako watu wanaosema, "Ngoja tu, ukizeeka utazimika wenyewe." Hilo si la kutegemea. Kwa wengine maumivu hupungua uzeeni, lakini kwa wengi ugonjwa huendelea kuwaka hata baada ya miaka mingi.

MASWALI SITA YA BATH

Sasa mtauliza, "Kama leo unapanda na kesho unashuka, mtu atajuaje kama kwa jumla anaendelea vizuri au vibaya?" Swali zuri. Jibu lake mnalo mikononi. Ni kalamu na daftari.

Wahenga wamesema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mwenye duka anajua hivyo. Na mimi nasema, mgongo nao ni mali.

Mji ule wa Bath una chemchemi za maji ya moto tangu zamani za Warumi, na una hospitali iliyojulikana kwa kutibu magonjwa ya viungo. Mwaka 1994 wataalamu wa huko walitoa kipimo cha maswali sita. Hakihitaji mashine wala damu. Kinahitaji mtu aliye mkweli na kalamu yake. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo katika nchi nyingi.

Kila swali unalijibu kwa alama kutoka 0 mpaka 10. Alama 0 ni hakuna kabisa. Alama 10 ni vibaya mno. Unajibu kwa kufikiri juu ya siku 7 zilizopita, wala si leo peke yake.

Swali la 1: Uchovu wako ulikuwa kiasi gani?
Swali la 2: Maumivu ya shingo, mgongo au nyonga yalikuwa kiasi gani?
Swali la 3: Maumivu au uvimbe wa viungo vingine, kama magoti na vifundo vya miguu, yalikuwa kiasi gani?
Swali la 4: Mahali panapouma pakiguswa au pakibonyezwa, paliuma kiasi gani?
Swali la 5: Ukiamka asubuhi, mwili ulikuwa umekakamaa kiasi gani?
Swali la 6: Kukakamaa huko kulichukua muda gani baada ya kuamka?

Swali la 6 ni la saa. Kama hakuna kukakamaa, andika 0. Kama ni saa 1, andika 5. Kama ni saa 2 au zaidi, andika 10. Katikati hapo, kila dakika 12 ni alama 1.

HESABU YAKE

Msiogope hesabu. Mmekwisha kujifunza kujumlisha na kugawanya. Tumrudie kijana wetu fundi katika juma baya.

Uchovu ni 7. Mgongo ni 8. Viungo vingine ni 4. Panapouma pakiguswa ni 5. Kukakamaa ni 7. Muda wa kukakamaa ni saa 1, yaani 5.

Kwanza tunachukua zile mbili za mwisho, 7 na 5. Tunajumlisha, tunapata 12. Tunagawanya kwa 2, tunapata 6. Hiyo 6 inasimama badala ya zote mbili.

Sasa tunajumlisha: 7 na 8 na 4 na 5 na 6. Jumla ni 30. Tunagawanya kwa 5. Jibu ni 6.

Wataalamu wanasema jibu likifika 4 au zaidi, ugonjwa unawaka. Kijana wetu ana 6. Huo si uvivu, ndugu zangu. Ni ugonjwa.

Tuseme baada ya miezi mitatu ya dawa na mazoezi anaandika tena. Uchovu ni 2. Mgongo ni 3. Viungo ni 2. Panapoguswa ni 1. Kukakamaa ni 2, na muda ni dakika 24, yaani 2. Zile mbili za mwisho zinatoa 2. Jumla ni 10. Gawanya kwa 5, jibu ni 2. Mto umeshuka.

NAMNA YA KUTUNZA DAFTARI

Chagua siku moja ya juma. Iwe ile ile daima. Andika tarehe, alama zako sita, na jibu. Kisha pembeni andika maneno machache ya kile kilichotokea juma hilo. Kwa mfano: "Nililima siku 5." "Nilikuwa na malaria." "Dawa zilikwisha." "Nimefiwa, sikulala."

Maneno hayo yana kazi. Mtu mwenye malaria huchoka, na uchovu wake utapandisha alama. Ukisoma pembeni utajua ni malaria, au angalau utamwambia mganga atazame vizuri.

Juma moja baya lisikutie hofu. Juma moja zuri lisikudanganye. Tazama majuma 8 au 12 kwa pamoja. Je, namba zinapanda, zinashuka, au zimekaa pale pale? Hapo ndipo penye ukweli.

Mara moja kwa mwezi fanya kipimo cha ukuta. Simama umeupa ukuta mgongo. Visigino na matako viguse ukuta. Tazama mbele, kidevu usikiinue. Sasa sogeza kichwa nyuma. Je, kisogo kinagusa ukuta? Kama hakigusi, mwenzio apime kwa vidole nafasi iliyobaki, nawe andika. Hata waganga hospitalini hutumia kipimo hiki, ila wao hupima kwa sentimita. Maswali sita yanapima maji ya mto. Ukuta unapima mchanga.

Ukienda kwa daktari, chukua daftari. Daktari anakuona siku moja tu, na huenda siku hiyo umeamka vizuri. Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu huzunguka miaka mingi kabla haujatambuliwa. Sababu moja ni hiyo. Akiona namba za miezi 6, hatasema, "Mbona unaonekana mzima?" Ataona mwendo wote. Yeye ataongeza vipimo vya damu na picha, maana daftari peke yake halitoshi kutaja jina la ugonjwa.

UKIPOA UFANYE NINI, UKIPANDA UFANYE NINI

Ukipoa, usilale. Huu ndio wakati wa kazi. Fanya mazoezi kila siku. Lala kifudifudi kwa dakika 15 au 20, mgongo unyooke. Geuza shingo kulia na kushoto polepole. Vuta pumzi ndefu mpaka mbavu zitanuke, maana ugonjwa huu hukaza hata mbavu. Lalia godoro gumu au mkeka, na mto uwe mwembamba. Kama mgongo ukishikana, afadhali ushikane umenyooka kuliko umepinda.

Ukipanda, punguza kazi nzito lakini usilale kutwa nzima. Jinyoshe taratibu. Oga maji ya moto asubuhi, yanalegeza. Meza dawa kama ulivyoandikiwa. Dawa za kwanza ni zile za kupoza, kama ibuprofeni, diklofenaki au indometasini. Zinasaidia wengi, lakini zina meno. Zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Zimeze baada ya kula. Usichanganye mbili za aina hiyo. Ukiona choo cheusi kama lami, acha dawa uende hospitali upesi. Mama mjamzito asizimeze bila kumwuliza mganga. Usiziache wala kuziongeza kwa kichwa chako. Mpelekee daktari daftari, mwamue pamoja.

Ziko pia sindano za nguvu zaidi, kama etanasepti na adalimumabu. Zilianza kutumika kwa ugonjwa huu katika miaka ya 2000. Zimewainua watu waliokuwa wamelala. Lakini bei yake ni kubwa, na hutolewa na madaktari bingwa. Kabla ya kuzipata, lazima mtu apimwe kifua kikuu, kwa sababu zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Hata nazo si uponyaji wa mara moja. Wengi wakiziacha, ugonjwa hurudi baada ya miezi.

Na sigara, ndugu zangu, acheni. Sina neno la kuongeza hapo.

MAMBO YA HATARI

Si kila mgongo unaouma muda mrefu ni ugonjwa huu. Kwetu sisi kuna mambo mawili ya kutazama kwanza. La kwanza ni kifua kikuu cha mgongo. Huleta homa, jasho la usiku, kukonda, na wakati mwingine nundu mgongoni. La pili ni ugonjwa unaotoka kwa mifugo, uitwao bruselosisi. Mtu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, au kwa kushika mnyama aliyeharibu mimba. Nao huuma kiuno na kuleta homa inayokuja na kwenda. Yote mawili yana dawa za kuyaponya. Basi mtu apimwe, asijipe jina la ugonjwa mwenyewe.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona mambo haya:

Miguu inaishiwa nguvu, au mkojo na choo havitoki au havizuiliki.

Jicho moja limekuwa jekundu, linauma, na halipendi mwanga. Ugonjwa huu hushika macho pia. Jicho lisipotibiwa mapema linaweza kupoteza kuona. Usitie dawa ya majani.

Mtu mwenye mgongo ulioshikana ameanguka, hata kama ni kuanguka kidogo, na sasa ana maumivu mapya. Mgongo ulioshikana huvunjika upesi kama kijiti kikavu. Asinyoshwe kwa nguvu. Asikandwe wala kuvutwa. Abebwe jinsi alivyo, bila kumpinda.

MANENO YA MWISHO

Turudi kwa kijana wetu fundi. Tumpe miaka ile 10 tena. Safari hii ana daftari lake juu ya meza ya ufundi. Ugonjwa ni ule ule. Unapanda, unashuka. Lakini ukipoa, hasemi tena, "Nimepona." Anasema, "Maji yameshuka, sasa nifanye mazoezi." Ukipanda, hasemi, "Nimerogwa." Anafungua daftari, anaona kwamba mwezi wa tatu mwaka jana ulipanda hivyo hivyo, ukashuka. Anapata moyo. Ukipanda ukakataa kushuka, hangoji. Anakwenda kwa daktari na namba zake.

Siwezi kuwaahidi kwamba mgongo wake hautakakamaa hata kidogo. Lakini naweza kusema amejipa nafasi kubwa ya kuendelea kuona embe juu ya mti. Na mbuzi wake wako zizini.

Na sisi majirani tuna kazi. Tukimwona mtu anachechemea alfajiri, na saa nne anapiga jembe, tusiseme ni mvivu. Tumwulize, "Ndugu, mgongo wako ukipumzika unapoa au unazidi?" Swali hilo moja linaweza kumwokoa mtu. Kama unazidi, na umeuma zaidi ya miezi mitatu, na alianza angali kijana, tumshauri aende akapimwe.

Mlipoanza kisomo, wengine waliwauliza, "Mtu mzima anasoma ili iweje?" Wajibuni hivi: nasoma ili niandike habari za mwili wangu mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe, daktari azisome.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya mgongo wa kazi na mgongo wa ugonjwa huu?

2. Taja mwendo wa aina tatu wa ugonjwa huu. Upi hausikiki?

3. Kwa nini mtu aliyepoa kwa mwezi mmoja asiseme amepona?

4. Fanya hesabu hii. Uchovu 5, mgongo 6, viungo vingine 3, panapouma pakiguswa 2, kukakamaa asubuhi 5, muda saa 1 na dakika 24 (yaani alama 7). Ukipata hesabu sawa, jumla ni 22, na jibu ni 4 na nukta 4. Je, ugonjwa unawaka au umepoa?

5. Katika kijiji chetu, ni ugonjwa gani mwingine unaopanda na kushuka, ambao daftari lingeweza kutusaidia?